Mguu wa Mwenye Benki

Benki ya kwanza niliyoijua ilikuwa na miguu miwili, na ule wa kushoto ulikuwa unauma kila mvua ikitaka kunyesha. Benki yenyewe ni bibi yangu, mzaa mama. Tulipohamia Maskati, Omani, mguu ule ukapata likizo, maana mvua ya kule ukiisubiri utaota mvi. Benki haikupata likizo, na ilibaki kidogo tu ifie mikononi mwangu.

Kwetu Unguja, Bibi alikuwa kijumbe. Wanawake wa mtaa walicheza upatu, kila mmoja anatoa chake, na kijumbe ndiye anayekusanya na kugawa. Lakini upatu wa Bibi haukuwa wa kupokezana tu kama wa watu wengine. Pesa za Bibi zilikuwa zinatumwa kazini. Mtu akija na shauri lake, anataka cherehani, anataka kuku wa mayai, wenzake wanakaa kwenye mkeka wanamsikiliza na kumchambua kama mchele. Akipita, anapewa mtaji. Faida ikija wanagawana wote, hasara ikija wanavuta kamasi wote. Riba hakuna. Bibi akilisikia hilo neno anageuza uso pembeni kama kanusa samaki wa juzi. Na kijumbe anakula mwisho: wenzake wakishapata, kikibaki kitu ndicho chake, kisipobaki anakunywa chai ya rangi na kusifu kuwa tamu.

Mkutano wowote ulikuwa unafunguliwa kwa udi. Watu wakishakaa tu, kabla ya mtu kutaja hata senti, chetezo kinazungushwa, kila mwanamke anakiingiza chini ya kanga yake anajifukiza, anampa mwenzake. Ukishafukizwa umeingia. Ukitoka pale ukapita njiani, watu wanakunusa wanajua huyu katoka kwa kijumbe. Mjini kuna watu walikuwa wanatia saini. Sisi tulikuwa tunanukia.

Mwaka wa sitini na nne, baada ya mapinduzi, tulipoondoka, kila mtu alikuwa anafunga mizigo, Bibi peke yake alikuwa anafungua. Alizunguka nyumba kwa nyumba na buibui lake, anamrudishia kila mwanamke fungu lake. Jirani mmoja akamshika mkono.

"Bibi weye, watu wanakimbia, nawe unalipa?"

"Nnalipa ndo nipate kukimbia vizuri," Bibi akasema. "Nikichukua na vyenu nitakimbia nimeinama, na mgongo wenyewe huu."

Tukafika Maskati, nchi ambayo kila mtu alikuwa anatwambia tumerudi kwa mababu, na miguu yetu haijawahi kuikanyaga. Mkononi Bibi alikuwa na chetezo chake cha udongo, kimefungwa ndani ya kanga kama mtoto mchanga. Mama yangu alikuwa kesha kufariki zamani, kwa hiyo familia nzima iliyoshuka melini ilikuwa mie, Bibi na chetezo.

Tulifikia kwa mjomba wangu, mtoto wa kiume wa Bibi, aliyetangulia miaka mingi. Alikuwa na nyumba ndogo nje ya lango la mji, hana mke, ana paka, na ana kazi ya ukarani kwenye benki ya wageni. Hiyo kazi alikuwa anaivaa kama joho. Kila Ijumaa baada ya chakula alikuwa lazima atuhadithie historia ya benki yake.

"Benki yetu ni ya zamani sana, Mama. Ilianzishwa kabla hujazaliwa."

"Ilianzishwa na nani?"

"Na matajiri wa ng'ambo, wenye meli zao."

"Sasa wako wapi?"

"Wamekufa. Lakini picha zao ziko ukutani, wamepangwa kwa mstari, kila mkubwa aliyeongoza. Wa kwanza ana ndevu mpaka hapa. Wa pili ana masharubu. Wa tatu ana upara."

"Wanapungua nywele," nikasema mie. "Wa nne ana kichwa kweli?"

Mjomba akanitolea jicho. Bibi akacheka chini ya ukaya wake, kisha akamuuliza mwanawe, taratibu, "Na mtu akitaka mtaji wa mbuzi, anamwendea nani? Huyo mwenye upara?"

"Watu wa mbuzi hawaingii pale, Mama."

"Basi hiyo si benki, mwanangu. Hilo ghala."

Siku ya pili yake nikachukua kipande cha kaa jikoni, nikaona na sisi benki yetu tuipigie picha ya mkubwa wake. Nilikuwa nimeshaanza kuzungusha kichwa ukutani, Mwalimu akaingia. Huyu Mwalimu ni shoga yake Bibi, alikuja Maskati meli moja na sisi. Unguja alikuwa akisomesha wasichana, na mie alinisomesha mpaka nilipoacha darasa la sita, ingawa yeye anasema niliachwa.

"Unachora sura ya mtu? Ndani ya nyumba inayosaliwa?"

"Sura sichori, Mwalimu."

"Unachora nini?"

Nikafuta kichwa, nikachora mguu. Mguu wa kushoto, na kifundo chake kilichovimba, na kidole gumba kinachotazama juu kama kinauliza habari. Yeyote aliyemjua Bibi angeutambua. Mwalimu akautazama, mdomo ukamcheza, akatoka nje haraka asije akacheka mbele ya mwanafunzi wake. Bibi nilipomwambia akasema, "Umenichora na ufa wa kisigino?" Nikamwambia ndio. "Hapo umenionea," akasema, lakini kila mgeni wa kwetu akija alikuwa anampeleka jikoni makusudi akaone.

Benki ikaanza upya kidogo kidogo. Wanawake wa kwetu waliokuja Maskati hawakuwa wengi, na walichokuja nacho kilikuwa kidogo. Mtaji wetu wa kwanza tulimpa mjane mmoja, tukanunua punda. Maji pale yalikuwa ya visima, na punda wa maji alikuwa na kazi asubuhi mpaka jioni. Punda wetu alipendwa na wote. Alikuwa mtu pekee katika benki asiyeuliza faida.

Lakini maisha ya Maskati siku zile yalikuwa yamebana, na watu walikuwa wakisikia habari za Kuweti na Dubai. Waume wakipata kazi huko, wake wanafuata. Kila anayeondoka anakuja kuaga, na Bibi anamhesabia fungu lake, na siku hizo macho ya Bibi yalikuwa yameshaingia ukungu, anahesabu kwa vidole. Siku moja akaniita mie na Mwalimu.

"Benki inaniishia mkononi," akasema. "Na mie sitaki kuizika. Nilianza na wanawake wenzangu, nnataka niikabidhi kwa mtu nikiwa nnasikia sauti za watu ndani yake. Nikishakufa mtakuja kunambia kaburini inaendelea? Nataka niisikie."

"Inshallah itaendelea," Mwalimu akasema, akajiweka vizuri, maana kila mtu alijua kijumbe wa pili ni nani.

"Nnamkabidhi huyu," Bibi akasema, akaniwekea mkono kichwani.

Mie nilidhani kakosea kichwa, kwa sababu ya ukungu wa macho. Nikamsogeza mkono kwa Mwalimu. Bibi akaurudisha.

"Huyu?" Mwalimu akasema. "Huyu anayecheka matangani? Nani atampa huyu pesa zake?"

"Weye, shoga yangu, watu wanakuogopa," Bibi akamwambia, kwa upole kabisa. "Unajua kila kitu kuliko sisi sote. Lakini mtu unayemuogopa hufungui mdomo kumwambia mbuzi wako anaumwa. Unangoja mpaka kafa, umemzika, na ndugu zake wamekufa. Huyu watamwambia mapema. Na weye ukae naye, umfinye akizidi."

Kufinya Mwalimu alikuanza siku ile ile.

Basi kazi ikawa yangu. Nikaona kwamba wenzetu wakiendelea kuondoka, hakuna benki. Lazima waingie wanawake wa Maskati wenyewe. Na biashara ya kuwaonyesha nilikuwa nayo. Wanaume wa kule kofia ndiyo kichwa chenyewe, na kofia nzuri za mkono zilikuwa zikitoka Unguja. Sasa hazitoki. Madukani Matrah, bandari ya jirani, ukiuliza unaonyeshwa mabaki yaliyoliwa na mende. Na nani anajua kutoboa kofia vile vitundu vidogo na kuvizungushia uzi mpaka ikawa ua? Sisi. Bibi hata kwa macho yale alikuwa bado anatoboa, anapapasa tu. Tunapungukiwa kitambaa kizuri, uzi, cherehani moja, na mikono ya kutosha.

Jirani yetu alikuwepo bibie mmoja, nyumba ya kona, yenye mlango wa kuchonga. Alikuwa mjane wa tajiri, ana dhahabu mpaka kwenye pua, na wanawake wa mtaa mzima walikuwa wanamtazama yeye: akinunua kitambaa cha kijani, wiki ile mtaa mzima kijani. Tukamwita Bibie wa Kona. Akiingia yeye kwenye benki, wataingia wote. Akikataa, bora nimrudishie Bibi chetezo chake tukafukize nguo. Kiswahili alikuwa nacho cha kuokoteza, maana marehemu mumewe alikuwa na safari za Unguja, na Kiarabu changu mie kilikuwa cha kuokoteza vile vile, kwa hiyo tulikuwa tunalingana.

Nikamwalika yeye na wenzake, alasiri ya Alkhamis. Tangu tufike tulikuwa tumejikalia wenyewe kwa wenyewe, hii ilikuwa mara ya kwanza kuwaita. Mwalimu alikaanga sambusa sahani kwa sahani. Bibi akapika mkate wa kumimina kwa kunusa, hakukosea hata chumvi. Tukaazima mito. Mie nikahifadhi maneno ya Kiarabu niliyofundishwa na Mwalimu, nayarudia jikoni mbele ya ule mguu ukutani, mpaka paka wa Mjomba akawa anayajua.

Wakaja. Chumba kikajaa mikufu na harufu nzuri. Salamu za kule ni ndefu: hali, na habari, na habari za habari, mpaka za mbuzi. Wakakaa. Bibi alikuwa ukutani juu ya godoro, mguu kaunyoosha, uso wake unang'aa kama msichana. Aliwasikia wengi. Akanigusa goti.

"Yallah, mwanangu. Leta udi."

Nikaleta. Udi ule ulikuwa wa mwisho wetu kutoka Unguja, Bibi alikuwa kauhifadhi kwenye kikopo tangu melini. Moshi ukapanda mzito, mtamu. Nikapiga goti mbele ya Bibie wa Kona, kama inavyotakiwa, nikamsogezea chetezo.

Wanawake wakatazamana. Bibie wa Kona akautazama moshi, akanitazama mie, akatazama kule jikoni ambako sambusa zilikuwa bado hazijatoka. Kisha akajifukiza, mara moja, chini ya shela lake. Akasema kwa Kiarabu, Mungu awazidishie kheri. Akasimama. Na wote wakasimama.

Bibi akasikia nguo zinavyoburura.

"Wamekubali?" akaninong'oneza.

"Wamesimama."

"Wamesimama kusali?"

"Wamesimama kwenda zao, Bibi."

"Wamekwisha kula?"

"Hawajala hata tende."

Nilibaki na chetezo mkononi, hotuba yangu nzima ya Kiarabu imenikaa kooni. Wakatoka mmoja mmoja, kwa adabu kubwa, na adabu ile ndiyo iliyotutisha zaidi. Mjomba aliporudi kazini akatukuta tumekaa kama tumefiwa. Mambo ya wanawake yeye haulizi. Akaona sambusa, akakaa, akala.

Siku zilizofuata, kisimani wanawake walikuwa wananiitikia salamu kwa pembe ya mdomo. Mie nikadhani ni pua yangu haina dhahabu, au godoro letu, au mguu wa Bibi alivyounyoosha. Bibi akadhani ni udi, umechacha melini. Mwalimu akadhani ni mie, akanifinya. Habari zikawafikia wenzetu wenyewe, kwamba kijumbe mpya kawakimbiza matajiri kabla hawajakaa vizuri, na baadhi yao wakaja kutaka mafungu yao. Bibi akawapa. Akiwapa anatabasamu. Wakishatoka anageukia ukutani, na mie nikimletea chai anasema, "Weka hapo," na chai inapoa.

Na kama hiyo haitoshi, punda akafa.

Yule mjane alinijia alfajiri, kabla hata ya kumwambia mtu yeyote. Kakaa kizingitini. "Kalala tu," akasema. "Nimemwita, hakugeuka. Utanifanya nini?" Nikakaa naye pale chini, tukalia wote, maana kusema kweli nilikuwa nampenda punda yule. Kisha nikamuuliza, "Ameacha wasia?" Akaniangalia, akacheka na machozi yake, akanipiga begani. Maskini, alikuwa hajalala usiku kwa hofu. Nilipomwambia Bibi, akauliza neno moja tu: "Kaja mwenyewe kukwambia?" Nikamwambia kaja mwenyewe, na giza. Bibi akanyoosha mkono akachukua chai yake, akanywa yote.

Muda si mrefu baadaye tukaenda, Bibi, Mwalimu na mie, kumpa hongera mzazi mmoja aliyejifungua juzi, jirani wa nyumba ya nyuma, mwenyeji wa pale pale Maskati. Tukakaa nyuma kabisa, mlangoni, kama watu waliokuja kuomba moto. Tukanywa kahawa, tukala halwa, watu wakazungumza weee. Mwisho mwenye nyumba akaleta chetezo. Kikazunguka. Na kila aliyejifukiza alikuwa anachukua viatu vyake, anaaga, anatoka. Hakuna aliyebaki. Hata mtoto mdogo alijua.

Niliona kama mtu kanimwagia maji ya baridi. Nikaanza kucheka. Nikajiziba na shela, kicheko kikatokea puani. Mwalimu akanifinya, nikacheka zaidi.

"Una nini weye?" Bibi akauliza.

"Bibi. Kwao udi ndio kwaheri."

"Kwaheri ya nini?"

"Ya mgeni! Ukimletea mtu udi, unamwambia chukua viatu vyako. Tuliwaita, tukawakalisha, tukawafukuza. Nilimpigia na goti!"

Mabega ya Bibi yakaanza kutikisika, na Mwalimu naye, yule Mwalimu, akajishika ukuta. Mzazi wa watu akadhani tumepagawa.

Nyumbani tukamweleza Mjomba. Akainua uso kwenye sahani yake. "Kwani nyie hamkujua?" akasema. "Hata kule barazani kwa wanaume ndivyo. Mie nilidhani mmegombana nao." Bibi akamtazama kwa macho yake yale ya ukungu, akasema, "Na karani wa benki huyo."

Kesho yake nikaenda nyumba ya kona peke yangu. Nilichukua chetezo, lakini kitupu, kimepoa, hakina hata jivu. Nikakiweka chini mbele ya Bibie, mdomo umegeukia chini, nikakaa.

"Leo sina moto," nikamwambia. "Leo siwezi kukufukuza hata nikitaka."

Akanitazama. Uso wake ulikuwa mgumu kama ule mlango wake.

Nikamweleza, nusu Kiarabu, nusu Kiswahili, nusu mikono. Kwamba kwetu Unguja udi ndio karibu. Kwamba mgeni usiyemfukiza ni kama hujamwona. Kwamba ule ulikuwa wa mwisho katika kikopo cha Bibi, alikuwa kauweka miaka, na kasema utoke siku ile kwa ajili yake.

"Wa mwisho?" akasema.

"Wa mwisho. Na ningetaka kukufukuza, Bibie, ningekufukuza ushakula. Sambusa zote zile! Mjomba wangu kala mpaka sasa ukimtazama kwa upande ana pembe tatu."

Mdomo ukamcheza. Akajizuia. Akasema, "Wanasema mna jambo la pesa."

"Tunalo." Nikavuta pumzi. Mwalimu alikuwa kanifundisha nianze na kofia, na soko la Matrah, na faida. Yote yakaniruka. "Kwanza lakini, punda wetu kafa."

"Nini?"

"Punda wa maji. Alikuwa mali ya benki. Kafa juzi, na hasara yake tumegawana."

"Wewe umekuja kuniomba pesa, na unaanza na maiti ya punda?"

"Nianze na nini, Bibie? Ndiye alikuwa mkubwa wetu wa kazi. Ukija kuambiwa na watu kisimani, utasema nilikuficha."

Hapo ndipo alipocheka. Alicheka mpaka dhahabu ya puani ikatikisika, akapangusa macho kwa ncha ya shela, akaita kahawa. Na kahawa ilipokuja, akaacha kucheka, akaniuliza maswali. Kitambaa kinatoka wapi. Nani atauza. Kofia moja inachukua mkono wa mtu kwa muda gani. Na bibi yako alipoondoka kwao, wenye pesa zao aliwafanya nini. Nilipomjibu hilo la mwisho akazungusha kikombe chake vidoleni.

"Mwambie bibi yako nakuja Alkhamis," akasema. "Fukizeni mnavyofukiza nyinyi. Nitaleta udi mimi, kikopo chenu kitupu. Na wa kuondokea nitakuja nao vile vile, ili nijue mwenyewe lini niondoke."

Alkhamis ile Mwalimu ndiye aliyepuliza makaa, anakohoa, anasema moshi unamharibia shela, lakini hakumpa mtu mwingine kazi ile. Chumba kilijaa kuliko mara ya kwanza. Nikazungusha chetezo chetu watu walipokaa. Bibie wa Kona akajifukiza, akawatazama wenzake, akakaa pale pale, imara, kama anayesema nani atathubutu kusimama. Hakusimama mtu. Sambusa zikatoka. Kofia ya Bibi ikapita mkono kwa mkono, wanawake wanaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, wanahesabu vitundu. Wakabishana, wakapandishiana sauti, mmoja akasema kitambaa cha Bombay, mwengine akasema huyo hajui kitambaa tangu azaliwe. Mie nilikuwa katikati natafsiri nusu ya maneno na kubuni nusu. Nikimtazama Bibi, kafumba macho, kichwa kakiegemeza ukutani, anasikiliza kama mtu anayesikiliza mvua baada ya ukame.

Jua likawa linashuka nyuma ya majabali, na waliotoka ndani ya mji wakaanza kuwaza lango, maana usiku linafungwa. Bibie wa Kona akaashiria. Msichana wake akaleta chetezo cha pili, cha fedha, ndani kimetiwa lubani nyeupe ya Dhofari. Ni harufu nyingine kabisa, kavu, kama limau na jiwe. Ikampita Bibi puani, akafumbua macho.

"Hiyo si yetu."

"Yao, Bibi."

"Ya kuondokea?"

"Ya kuondokea."

Akatafuta mkono wangu, akaupata. "Basi wamekaa mpaka mwisho," akasema. Na akanyoosha mguu wake, akaanza kuuliza nani kachukua kofia yake.

Tukaendesha hivyo hivyo, udi wa kuingilia, lubani ya kuondokea. Kofia zetu zikafika Matrah, kisha wanawake wa mji wa Sib wakaanza kutuagiza, na kuna wa Bustan walikuwa wanakuja kwa mashua, wanashuka na sindano zao tayari. Bibi alituacha wakati wa baridi, mwaka uliofuata, mchana, katikati ya mkutano, tulidhani kasinzia. Fungu lake la kijumbe, lile la mwisho, lilikuwa limebaki mwaka ule kwa mara ya kwanza. Tukanunua punda.

Mwaka wa sabini, Sultani mpya alipokuja na mambo kufunguka, watu wakaanza kumiminika, wa Unguja, wa Kuweti, wa Dubai, na Mjomba akaamua nyumba ipakwe chokaa kwa ajili ya wageni. Alipaka mwenyewe, kavaa fulana na saa ya kazini. Niliporudi sokoni jikoni kote kulikuwa kweupe, kunawaka. Nikatazama ukuta ule kwa hofu. Alikuwa kauzunguka mguu taratibu, kidole kwa kidole, hakuugusa hata ufa wa kisigino, na juu yake kapigilia msumari.

"Msumari wa nini, Mjomba?"

"Wa fremu," akasema, hakunitazama. "Kwetu benki wakubwa wote wana fremu."